Ndege Tuliyoiunda Upya Kabla ya Uvinza

Asha, Mihayo, na yeyote atakayekalia kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi: mliniomba niandike, basi naandika. Mlisema ni kwa faida ya karakana. Faida siijui, ila tangu nishike kalamu nimekuwa nikicheka peke yangu hapa barazani, na majirani zangu wa Gongoni wameanza kunisalimia kwa tahadhari.

Kazi niliyostaafu mwezi uliopita ni kutengeneza vifaru, magari ya deraya na ndege za vita zinazotosha kukaa juu ya meza. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa namjibu, "Natengeneza vifaru," kisha nanyamaza nimtazame usoni. Mama mmoja kanisani alihama benchi. Mwingine aliniomba nimtafutie mwanawe nafasi jeshini. Wote niliwapenda, maana walinipa kicheko cha bure asubuhi ya Jumapili.

Nilianza kwa madigadi. Baba yangu mdogo alikuwa fundi baiskeli, nami nilipomaliza shule nikawa nawaandikia wateja wake majina na methali kwenye madigadi ya nyuma. Wengine waliandika neno moja kubwa. Mimi nilikuwa naingiza methali nzima, na ua pembeni. Baiskeli moja ilikuwa ya mlinzi wa duka la Bwana Kanti, na siku moja Bwana Kanti aliinama kuisoma, akavaa miwani, akainama tena, akamuuliza mlinzi, "Nani ameandika hii?" Kesho yake niliitwa.

Bwana Kanti alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tabora, mwembamba kama rula, anayeuza madaftari, kalamu na saa za ukutani. Hilo lilikuwa duka la mbele. Nyuma ya duka, chini ya paa la bati, ndiko moyo wake ulikokuwa. Alipokuwa mdogo mjomba wake alimletea boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha ndege, na tangu hapo hakupona. Shule zilimwagiza mifano ya kufundishia. Chuo kimoja cha askari kilitaka vifaru vidogo ili wanafunzi wajifunze kukitambua kifaru kwa umbo lake. Makumbusho madogo yalimwandikia, na wazee wastaafu walikuja kuomba gari walilowahi kuendesha ujanani, dogo la kuweka sebuleni.

Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Akautazama kama mtu anayetazama maji yakikaribia kuchemka. Haukutikisika.

"Umekunywa chai?"

"Bado."

"Kunywa, halafu nyoosha tena."

Nikanywa, nikanyoosha, mkono ukatulia. Ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Akaniketisha, akanipa askari wa plastiki ambaye kichwa chake kilikuwa kama punje ya mchele, pamoja na sindano ya kushonea na tone la rangi nyeusi. "Mpake macho," akasema, akaenda kuhudumia wateja.

Katika kona ya karakana alikuwepo Fundi Idi, mchonga mbao, mtu mnene mwenye sauti ya mwadhini. Alinitazama, akatazama mlango, akaita, "Bwana Kanti! Hapa tunaunda zana za vita. Msichana wa nini?"

"Wa macho, Idi," Bwana Kanti akajibu kutoka dukani. "Askari wako wote ni vipofu."

Nilimpaka yule askari macho huku nimebana pumzi. Bwana Kanti akaja na kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika. "Binti yangu," akasema, "huyu anaangalia Urambo na Nzega kwa wakati mmoja." Fundi Idi naye akaja kuona, na kicheko chake kiliangusha kopo la misumari. Huyo askari hatukumfuta. Alikaa dirishani miaka mingi, akilinda pande zote mbili.

Sasa niwaambie vyombo vyetu vilikuwa vipi, maana nyie mmezoea kuagiza kwa simu na kupokea boksi. Kisu chetu kilikuwa wembe uliofungwa kwenye kipande cha mwanzi. Bomba la kupulizia rangi lilikuwa lile la zamani la dawa ya mbu, ambalo Bwana Kanti alilitoboa upya tundu lake mpaka likatoa ukungu mwembamba kama pumzi. Mtutu wa mzinga ulitokana na sindano ya hospitali. Vibanio vilikuwa vya kuanikia nguo. Ufa tuliziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na vumbi la mbao, na nta nzuri kuliko ya Tabora haijazaliwa. Mimi nilipoingia nikaongeza vya kwangu: kibanio cha nyusi, rangi ya kucha, na wanja. Wanja uliopakazwa kwa kidole pembeni mwa bomba la moshi unafanana kabisa na masizi. Fundi Idi alinicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata nilimfuma anafunika kikopo changu cha wanja kwa siri, na kidole kimoja tayari cheusi.

Kosa langu la kwanza kubwa Bwana Kanti alilisimulia mpaka uzeeni. Nilikuwa nimemaliza kifaru changu cha kwanza, kijani safi, minyororo imepangika, nikampelekea kwa majivuno.

"Kizuri," akasema. "Lakini hakijawahi kwenda popote. Kifaru kinatakiwa kiwe kimetembea."

Basi nikatafakari. Siku ya mapumziko nikapanda lori la pamba linalokwenda Nzega, barabara ikiwa ya vumbi tupu wakati huo, nikakaa nyuma juu ya marobota na kifaru changu mapajani, kimefunuliwa. Tulikwenda Nzega. Tukarudi. Dereva aliniuliza kama nampelekea ndugu zawadi, nikamwambia hapana, nakitembeza. Hakuniuliza tena kitu. Niliingia karakanani Jumatatu nikiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu, nikamkabidhi Bwana Kanti kifaru chenye vumbi halali la Unyamwezi.

"Umekifanya nini?"

"Nimekipeleka Nzega, mzee."

Ilibidi akae chini. Alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, akampungia mkono Fundi Idi asiongee. Alipopata pumzi akanieleza somo ambalo nawaachia nyie bila kulipunguza: kitu kikiwa kidogo, vumbi lake nalo liwe dogo. Chembe ya vumbi la Nzega, ukiiweka kwenye kifaru cha mezani, ni jiwe. Askari wangu wangehitaji sururu. Akanionyesha kuchekecha vumbi kwa kitambaa cha hariri, kulichanganya na tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, na kulipaka kwa brashi ya nywele chache mpaka lionekane kama lilitua lenyewe. Tangu siku hiyo kila kazi ikimalizika aliuliza, "Hii nayo itakwenda Nzega?"

Lakini najua mnataka nifike kwenye ndege ya Kigoma. Haya, nafika.

Jumba dogo la makumbusho huko Kigoma lilituagiza ndege ya majini, ya ile vita ya kwanza ya Wazungu, Wabelgiji walipopigana na Wajerumani huku kwetu. Ndege hizo zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikwa kwa nguzo nyembamba na nyaya nyingi za kuvutana. Badala ya magurudumu zilikuwa na vielea, yaani viatu vikubwa vya kukanyagia maji. Tukakubaliana yetu iwe na urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka ncha ya bawa mpaka ncha nyingine. Fundi Idi alichonga vielea kwa mti wa msufi, mwepesi kama mkate. Mimi nilitengeneza mbavu za mabawa kwa vipande vya mwanzi, nikazifunika kwa karatasi laini ya kusokotea sigara, nikazipaka. Nyaya zilikuwa nyuzi za plastiki nilizozivuta juu ya moto wa mshumaa, moja moja, mpaka zikawa nyembamba kuliko uzi wa buibui. Sijawahi kupenda kitu cha kazini kama nilivyoipenda ndege ile. Nilikuwa naitakia usiku mwema.

Wakati huo wana wa Bwana Kanti walikuwa wamekua na walitaka karakana iwe ghala la sabuni. Hawakuwa watu wabaya. Waliona tu baba yao anazeeka kati ya vifaru. Bwana Kanti mwenyewe goti lilikuwa limemkatalia safari, akatuita mimi na Fundi Idi, akatuambia kwa upole, "Nimewaambia wanangu: kazi hii ikisimama mbele ya wageni wa Kigoma, karakana itabaki. Isiposimama, sitabishana nao tena." Kisha akaifunika ndege kwa shuka lake mwenyewe, akatufungia sanduku.

Treni ilichelewa, tukaondoka Tabora asubuhi badala ya jioni iliyotangulia. Tulikuwa na siku hiyo moja tu, maana ufunguzi wa jumba ulikuwa kesho yake. Fundi Idi alitaka sanduku liende kwenye behewa la mizigo. Nikakataa, tukaliweka kati yetu, daraja la tatu, kama mtoto mgonjwa. Usoke ilipopita, abiria walikuwa wameanza kuuliza kuna nini ndani. Na huyu Fundi Idi, aliyenung'unika miezi yote kwamba kazi hii ni ya kichaa, akashindwa kujizuia. Akafungua sanduku, akaitoa ndege, akaiweka juu ya kifuniko. Behewa zima likasema "Aaa!"

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Goweko, Mama Mhoja, aliyekuwa anakwenda Kigoma kumtazama binti yake aliyejifungua. Alibeba tenga lenye jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa miguu kwa uzi wa kufungia tumbaku. Uzi ulilegea. Treni ilipiga kona, tenga likaanguka, jogoo akaruka. Akazunguka juu ya vichwa, akatafuta mahali pa kutua, na katika behewa lote lile akachagua bawa la juu la ndege yangu.

Nilisikia kila nguzo ikikatika. Tik, tik, tik, kama mtu anavunja vidole. Nyaya zote zikaachia. Karatasi ikapasuka. Kielea kimoja kikaviringika chini ya benchi. Jogoo akasimama juu ya mabaki, kifua mbele, anatazama dirishani treni inakokwenda, kama rubani.

Fundi Idi alikaa taratibu. "Kalunde," akaninong'oneza, "tushuke Urambo. Tulime tumbaku. Hawatatujua."

Nilifikiri nitalia. Niliuona uso wa Bwana Kanti, niliona maboksi ya sabuni yamepangwa kwenye meza yangu. Nikafungua mdomo nilie, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Yule jogoo! Alikuwa amekaa rasmi mno! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na behewa lililokuwa limebana pumzi likapasuka lote kwa pamoja, isipokuwa Mama Mhoja, aliyekuwa amejifunika uso kwa khanga.

"Jogoo wangu hana adabu," akasema kutoka ndani ya khanga, "lakini hana hatia."

"Mama," nikamwambia, "usijali. Mkamate rubani, tuanze kazi."

Nilisema hivyo kabla sijajua tutaanzaje. Tulikuwa na gundi, wembe na kibanio cha nyusi. Hatukuwa na kingine. Lakini mtu akishaanza kucheka mbele ya watu wengi hawezi tena kukata tamaa, ni aibu. Fundi Idi akapiga magoti kutafuta kielea. Mzee mmoja mvuta sigara akatoa pakiti yake ya karatasi za kusokotea, akasema ameacha kuvuta kuanzia sasa. Kijana aliyeshika ufagio wa njiti akauvunja akatoa njiti zilizonyooka kabisa, nikazikata ziwe nguzo. Meza hatukuwa nayo, na treni ilikuwa inatikisika, basi abiria wanne wakakaa wawili wawili, wakagusanisha magoti, wakatandika blanketi juu. Magoti ya binadamu yanakunywa mtikisiko kuliko meza yoyote. Liandikeni hilo.

Mkagua tiketi akaingia, akakuta watu wameinama.

"Hii ni nini?"

"Ndege," Fundi Idi akajibu.

"Imo kwenye treni?"

"Imechoka kuruka."

Akafikiri kidogo, akavua kofia, akauliza wapi pa kushika.

Urambo akapanda kijana mrefu na ndoo zake za asali na madonge ya nta kwenye kapu. Alikuta migongo ya watu, hakuona kitu. "Mwangaluka," akasalimia. "Kuna mgonjwa?"

"Ndege amevunjika," mama mmoja akamwambia.

"Masikini! Amevunjika wapi?"

"Bawa."

"Mfungeni kibanzi, msimbane sana. Mpeni maji." Akajipenyeza kwa huruma yote, mikono imekunjuliwa tayari kumpokea kiumbe mwenye manyoya, akaiona. Akaniona na mimi, gundi mpaka nyusini. Sikuweza kumsalimia kwa kicheko. Yeye naye akaanza. Jina lake lilikuwa Luhende, na nta yake ilikuwa safi, ya manjano, inanukia miombo. Aliipasha joto mkononi mwake, akawa ananikabidhi vitonge vidogo vidogo, na kila kiungo kilichokataa gundi kilikubali nta ya Luhende.

Karatasi mpya zilikuwa nyeupe mno kwa bawa la kizee. Tukaagiza chai ya rangi kutoka behewa la chakula, kali, bila sukari. Nikaipaka kwa ncha ya kitambaa. Ikakauka kwa upepo wa dirishani, ikawa rangi ile ile ya turubai la miaka mingi. Mpishi alikuja mwenyewe kuona chai yake inanywewa na nani.

Zikabaki nyaya. Hapo ndipo nilipoishiwa. Hatukuwa na plastiki ya kuvuta, na uzi wa kushonea ulionekana kama kamba ya meli. Nilijaribu nyuzi za khanga, zikatoa manyoya. Fundi Idi akaanza tena kuitazama Kaliua kwa macho ya mkulima.

Kwenye kona alikuwepo bibi mmoja wa Ujiji, Bibi Zuwena, aliyekuwa ametazama yote tangu mwanzo. Akauliza, "Mnataka kitu chembamba, kigumu, kinachong'aa?"

"Ndiyo, bibi."

"Shikeni khanga."

Wanawake wakasimama, wakamzungushia khanga pande zote. Tukamsikia ndani anasema "Uh!" na "Uh!" na "Hii hapana, hii bado nyeusi." Mkono ukatokea juu ya khanga umeshika mvi. Ndefu, nene, za fedha, kila moja kama waya wa chuma uliosuguliwa. "Nywele zangu ziende vitani," akasema.

Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilijua pale pale, kabla sijaufunga hata mmoja, kwamba ndege hii itakuwa nzuri kuliko ile iliyovunjika. Lakini mvi haifungwi treni ikitembea. Nilifunga chache Kaliua, chache Nguruka, nikazuia mkono kila breki zilipoachiwa. Malagarasi tukaambiwa tutasubiri treni ya mizigo ipite. Sijawahi tena kuona abiria wakishangilia kucheleweshwa. Watu walizuia milango mtu asiingie na upepo. Bibi Zuwena alihesabu nyaya zake kwa sauti ya chini kama anavuta tasbihi. Giza lilipoingia Luhende alishika mshumaa wa nta, na niligundua kwamba mkono wake hautikisiki, hata treni nyingine ilipopita kwa kishindo. Nililitunza hilo kichwani.

Kabla ya Uvinza ndege ilikuwa imesimama kwa vielea vyake juu ya blanketi. Hakuna aliyepiga makofi, waliogopa upepo wake. Waliinua mikono tu, behewa zima, kimya kimya, meno nje.

Asubuhi, pale makumbusho, tuliiweka juu ya ziwa lililopakwa rangi ya bluu. Wageni wakaja, suti na vitenge. Nilikuwa nyuma ya mlango, nachungulia. Msimamizi wa jumba, mtu makini asiyecheka ovyo, akainama na kioo chake, akazunguka upande mmoja, akazunguka wa pili. Akamgeukia Fundi Idi.

"Kazi ya ajabu. Nyaya hizi zinang'aa kama chuma halisi. Mmezitoa wapi?"

"Ujiji," Fundi Idi akasema.

Wakati huo huo Bibi Zuwena akaingia na ukoo wake wote, watoto, wakwe, majirani, akapita katikati ya wageni rasmi, akanyoosha kidole: "Zile pale! Za juu kushoto ni za kisogoni!" Basi ikabidi tueleze. Mgeni wa heshima alisikiliza hadithi yote, na tulipofika kwenye jogoo alimshika msimamizi bega asianguke. Siku hiyo hiyo msimamizi alituagiza meli na treni. Jogoo mwenyewe tulikaribishwa kumla kwa binti wa Mama Mhoja. Alikuwa mtamu.

Tulipomsimulia Bwana Kanti hakucheka mara moja. Alituomba turudie pale pa khanga, tukarudia, akawaita wanawe wote wawili waje wasikie. Yule mdogo, Suresh, aliuliza kama anaweza kujaribu kupaka kitu. Nikampa askari na sindano. Mnajua wenyewe nani aliyekuja kuwa bosi wenu. Sabuni haijawahi kuingia mle ndani isipokuwa ya kunawia mikono.

Luhende akaanza kuleta nta karakanani. Alikuja na donge mwezi wa kwanza, akaja na kapu mwezi wa pili. Mwezi wa tatu Bwana Kanti akafungua stoo, akatazama ndani, akaita, "Kalunde! Nta hii inatosha kuziba ufa wa majeshi yote ya Ulaya. Huyu kijana anataka nini?"

"Nadhani anataka kufundishwa kupaka macho, mzee."

"Mwambie anyooshe mkono."

Luhende akanyoosha, na kwa mara ya kwanza ule mkono ulitetemeka kama jani. Bwana Kanti akaniangalia, akamwangalia, akasema, "Huyu si wa kazi. Huyu ni wa kuoa." Tulioana baada ya mavuno. Fundi Idi aliimba kwenye sherehe, na mabomu ya machozi yasingewatoa watu mapema kama alivyowatoa.

Miaka mingine mnaijua, mingi mlikuwepo. Bwana Kanti alitutoka akiwa mzee sana, miwani usoni, na mimi nililia hapo kama mtoto, kisha nikakumbuka Nzega nikacheka katikati ya kilio mpaka Suresh naye akacheka. Fundi Idi alimfuata, akiacha tupa zake zote zimepakwa mafuta. Wewe Mihayo ulikuja na ile mashine inayochapa vipande vya plastiki, na mkafikiri nitakasirika. Nilikaa mbele yake siku nzima nikiitazama inavyotoa gurudumu la kifaru kama kuku anayetaga. Nilitamani Fundi Idi angekuwepo aitukane. Wewe Asha unapaka vumbi bora kuliko nilivyowahi kupaka, na sitasema mara mbili.

Mawaidha ninayo machache. Msimpake askari macho kabla ya chai wala mara tu baada ya kugombana. Msijenge kitu ambacho hamuwezi kukitengeneza upya safarini. Na mteja akija kuelezea gari la ujana wake, msimkatize, hata kama picha mnayo tayari kwenye simu. Anachotaka mjenge hakimo kwenye picha.

Siku mliyoniaga mlinipa boksi la helikopta, vipande vingi mpaka nikaogopa. Nimelifungua leo asubuhi mezani kwangu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuunda hata kimoja ambacho hakikuwa na mtu anayekisubiri: shule, chuo, makumbusho, mzee fulani na sebule yake. Kila kitu kilikuwa na tarehe yake ya kukabidhiwa, imeandikwa ukutani. Nikavaa miwani, nikakata kipande cha kwanza, nikakisugua kwa msasa.

Luhende akauliza kutoka jikoni, "Mama, hiyo ya nani?"

"Yangu."

"Inatakiwa lini?"

Nikatazama ukutani kwa mazoea. Hapakuwa na kitu.

"Sijui!" nikamwambia, na neno hilo liliponitoka nilicheka kwa nguvu hata Luhende akaja mbio, mwiko mkononi, kuangalia kama sijanusa tina kupita kiasi. Alinikuta nimeshika mkia wa helikopta, nahema. Akavuta kiti, akaisugua mikono yake ipate joto, kama siku ile ya nta, akaniuliza aanze kushika wapi.